Mbwa wa miezi 10 anayechechemea nyonga

Mama Neema, pole na huyo mtoto wa berger (mbwa mchungaji). Hayo uliyoeleza, kuinuka kwa shida asubuhi na kuruka kwa miguu miwili ya nyuma pamoja kama sungura, ni dalili za ugonjwa wa nyonga kweli, lakini radio (picha ya mifupa, eksirei) ndiyo itathibitisha.

Kwanza kabisa: usimpe dawa za maumivu za watu, ibuprofen wala diclofenac ya farmasi. Vinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, hata kidonge kimoja kinaweza kuleta balaa. Muulize veterineri dawa ya maumivu ya mbwa, carprofen au meloxicam, apime kilo zake kwanza, na umpe pamoja na chakula. Akitapika au choo kikiwa cheusi, simamisha dawa umpigie veterineri. Na kama kuna mtu alishamchoma dexamethasone (sindano ya steroid), lazima umwambie veterineri. Hiyo na dawa hizi za maumivu hazikai pamoja.

Halafu uzito. Ukipapasa mbavu uzisikie bila kubonyeza. Fufu ya kila jioni ipunguze, najua anakuangalia kwa macho yale, punguza tu.

Matembezi mafupi mara nyingi, kwa kamba, kwenye udongo laini. Mawe ya lava ya mitaa yetu ya Goma yanamtesa. Ngazi na kuruka, hapana. Kuogelea katika ziwa Kivu kunajenga misuli bila kuumiza kiungo, ila epuka mabonde yenye mazuku (hewa ya sumu inayotoka ardhini), ile hewa inalala chini na mbwa ndiye anaivuta wa kwanza.

Akizidi kuumia hata kwa dawa, uliza kuhusu operesheni ya kuondoa kichwa cha mfupa wa paja.