Uzamivu kwenye nchi za barafu: majibu ya barua zenu

*Mwalimu shikamoo. Naomba uniunganishe na ufadhili wa PhD ya tabianchi, nchi yoyote ya baridi. (Msomaji, Dodoma)*

Marahaba. Barua za namna hii zimejaa tena, na hiyo "nchi yoyote" ndiyo inayowaangusha. Uswidi na Norwei uzamivu, yaani hiyo PhD, kwa kawaida ni ajira: chuo kinatangaza nafasi, kuna mshahara, mkataba ni wa miaka mitatu au minne, na mara nyingi mada imeshapangwa kabla hujaomba. Kwa hiyo unaomba kazi, huombi msaada. Soma tangazo mpaka mstari wa mwisho, kisha andika ukurasa mmoja unaoonyesha kwamba umesoma kazi za huyo msimamizi. Barua moja iliyosambazwa kwa maprofesa 30 inafutwa bila kusomwa, na wana haki. Na anayekudai laki tatu "akushikie nafasi" ni tapeli. Vyuo havina madalali.

*Kule si barafu tupu? Kuna bayoanuai gani ya kutafiti? (Msomaji, Mbeya)*

Chukua Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo karibu nyuzi 78 kaskazini, ndani ya Aktiki, ukanda wa baridi unaozunguka ncha ya kaskazini ya dunia. Kuna kulungu wa Aktiki, wafupi wa miguu, ambao majira ya baridi huishi kwa kufukua theluji kwa kwato wapate majani. Tangu 1979 Aktiki imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia, na siku hizi katikati ya baridi kali hunyesha mvua. Maji yanapenya theluji, yanaganda juu ya ardhi, na majani yanafungiwa chini ya gamba gumu. Mnyama anapiga kwato weee, hapati kitu.

Lakini subiri. Kiangazi chenye joto kinaotesha majani zaidi, majike wengi wanashika mimba, idadi inapanda huku miili ikipungua: majike waliozaliwa 1994 walipokomaa walifika kama kilo 55, waliozaliwa 2010 kilo 48. Sasa joto limewafaa au limewadhuru? Tasnifu inaanzia hapo. Wanaoniandikia kwamba wanataka kutafiti "athari za mabadiliko ya tabianchi", nukta, hawajafika hata mlangoni.

*Dubu weupe ni wa kweli au mnatutisha? (Msomaji, Tabora)*

Ni wa kweli. Svalbard mafunzo ya bunduki ni sehemu ya maandalizi ya kazi za uwandani.

*Nasikia Svalbard hakuna visa. (Msomaji, Mombasa)*

Svalbard yenyewe haidai. Ndege zinapitia Norwei, na Norwei inadai: tafuta visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia zaidi ya mara moja. Svalbard iko nje ya Schengen, kwa hiyo la sivyo utakwama wakati wa kurudi.

*Mimi nahesabu ndege Mida Creek. Huko Aktiki nina nafasi gani? (Msomaji, Watamu)*

Dada, mada unayo mkononi. Wale wadogo wenye mdomo uliopinda kidogo, Calidris ferruginea, huatamia kwenye tundra ya Siberia, nyanda za baridi zisizo na miti kule Urusi, kisha huja kula kwenye tope lako. Mwaka wenye lemingi wengi, hao panya wanene wa tundra, mbweha hushiba na makinda husalimika. Lemingi wakiadimika, mbweha hugeukia viota. Na lemingi huzaliana chini ya theluji laini, ileile inayoharibiwa na mvua. Kwa hiyo hesabu zako, zikitenganisha ndege wachanga na wakubwa, zitasomwa kule kwa makini. Unaandika umri, au jumla tu? Kama ni jumla tu, badilisha fomu kabla ya msimu ujao.

*Kwa nini unapeleka vijana Ulaya, na Kilimanjaro ipo? (Mzee, Moshi)*

Mzee wangu shikamoo, tuko pamoja, ila nimechoka na mapendekezo ya "kuyeyuka kwa barafu na ukosefu wa maji". Barafu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, hilo linajulikana, na watafiti wengi wanataja hewa kukauka na theluji kuwa haba, si joto peke yake. Lakini maji ya migomba yenu sehemu kubwa hayatoki kwenye ile barafu. Yanatoka msituni, ambako miti inakinga mvua na ukungu. Na msitu unaungua. Moto umeuteremsha mpaka wake wa juu, na palipokuwa na miti ya Erica sasa pana vichaka. Nani anahesabu miche inayoota baada ya moto? Picha ya barafu inavuta wafadhili, mche uliobabuka hauvuti. Kijana atakayekuja na swali hilo nitamsomea pendekezo lake bure.

*Takwimu ni lazima? Hesabu nilizikimbia chuoni. (Msomaji, Kisumu)*

Lazima. Programu ya R ni bure, ipakue leo. Usiniandikie tena mpaka uwe umechora grafu moja kwa data yako mwenyewe.