Upanga wa kuagiza kwa mhunzi: uchague chuma gani?

Ndugu mleta mada, umeuliza ununue chuma gani ili fundi akufulie upanga wenye ubapa wa sentimita 70, wa kuning'iniza ukutani lakini pia wa kukatia migomba bila woga, na umetaja vyuma vitatu ulivyovisoma mtandaoni: D2, 440C na kile kinachouzwa kwa jina la Damascus. Mimi ni mhunzi wa hapa Moshi. Kazi yangu kubwa ni sime na visu vya kuchinjia, na mara mojamoja upanga wa mteja mwenye hamu kama yako. Katika hivyo vitatu nisingechagua hata kimoja. Ningetafuta jani jipya la springi ya lori, yaani kimoja cha vile vibapa virefu vya chuma vinavyobeba mzigo chini ya lori, na nitaeleza kwa nini.

Kisu kifupi na upanga havidai kitu kimoja. Kisu hudaiwa kushika makali, na kwa kuwa ni kifupi si rahisi kipindwe. Upanga ukigonga kisiki, nguvu inayotoka huku nje kwenye ubapa mrefu huja kukusanyika karibu na mpini, na hapo ndipo panga nyingi hukatikia. Wateja wengi huamini kwamba chuma kigumu hakipindi, jambo ambalo si kweli. Ukichukua vipande viwili vya chuma hichohicho, vyenye unene na umbo moja, kimoja kimechovywa (yaani kimepashwa hadi kiwe chekundu kisha kikapozwa ghafla ndani ya mafuta au maji) na kingine hakikuchovywa, kisha ukavitundikia uzito uleule mdogo, vyote viwili vitapinda kwa kiasi kilekile. Ongeza uzito ndipo tofauti ionekane: kilicho laini kitabaki kimepinda hata ukiuondoa mzigo, kilichochovywa na kurudishiwa moto ipasavyo, yaani kupashwa tena kwa moto mdogo, kitanyooka, na kilichochovywa tu kikaachwa hivyo kitakatika kama kioo. Kwa hiyo swali la msingi si chuma kipi ni kigumu zaidi, bali ni chuma kipi kinaweza kupinda na kurudi, mikononi mwa fundi uliyenaye.

D2 ina kaboni ipatayo asilimia 1.5 na kromiamu karibu asilimia 12, na ilibuniwa kwa vifaa vya viwandani vya kukatia na kubonyezea bati. 440C ina kaboni karibu asilimia 1 na kromiamu kati ya asilimia 16 na 18. Katika kisu cha sentimita 10 sina ubishi navyo. Katika ubapa mrefu, zile chembe ngumu za kromiamu na kaboni zinazovifanya vishike makali ndizo zinazovifanya vikatike. Isitoshe, vyote viwili vinahitaji kupashwa hadi nyuzijoto 1,000 na zaidi, na kushikiliwa katika joto hilo bila kuyumba, kazi ya tanuri la umeme lenye kipimo. Fundi wa mkaa akikuambia ataipika D2 kwa macho, chukua chuma chako uondoke. Damascus nayo ni matabaka ya vyuma viwili yaliyounganishwa kwa moto na nyundo. Hupendeza sana, lakini uzuri wake wa michirizi hauongezi ustahimilivu, na tabaka moja lisiloshikana vizuri ni ufa uliofichwa ndani ya upanga wako.

Chuma cha springi za bapa kwa kawaida ni kile ambacho Wajapani hukiita SUP9 na Wamarekani 5160, vyuma viwili vinavyokaribiana sana. 5160 ina kaboni kati ya asilimia 0.56 na 0.64, na kromiamu kati ya asilimia 0.7 na 0.9. Kaboni hiyo inatosha kukifanya kigumu, lakini si nyingi kiasi cha kukifanya kivunjike ovyo, na kromiamu hiyo kidogo inakiwezesha kukomaa, yaani kuwa kigumu, hadi ndani kwa kuchovywa kwenye mafuta, bila kulazimika kutumia maji ambayo hupasua ubapa mwembamba. Jambo linalonipendeza zaidi ni kwamba joto lake la kuchovya, nyuzijoto 830 hivi, linapatikana kwenye moto wa mkaa. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kikifika karibu nyuzijoto 770. Fundi akiwa na sumaku iliyofungwa kwenye waya mrefu, anajua pale isiponasa kwamba amebakiza hatua fupi tu. Zipo pia springi zenye silikoni nyingi, karibu asilimia 2, nazo ni nzuri mno kwa upanga, ila kwenye moto wa wazi ngozi yake hupoteza kaboni upesi, kwa hiyo fundi lazima aache unene wa kusaga baadaye.

Sasa, jani jipya au chakavu? Watu watakushauri upite gereji za Unga Limited kule Arusha au za hapa Majengo ujiokotee springi iliyotupwa. Ni rahisi kwa bei, sikatai, na sime nyingi zinazouzwa huku hutokana nazo. Lakini springi inayotupwa huwa imetupwa kwa sababu. Imepinda na kurudi mara zisizohesabika kwenye barabara za mawe, na mara nyingi ina nyufa ambazo jicho haliwezi kuziona hadi upanga utakapokatika mkononi. Kama ni lazima utumie chakavu, isugue mpaka ing'ae, ipake mafuta ya taa, iache kitambo, ifute kabisa, halafu uipake unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatajitokeza kwenye chaki kama mstari mwembamba wa rangi nzito zaidi. Ukiona mstari wa namna hiyo, usijadiliane nao. Epuka pia sehemu ya katikati yenye tundu la bolti. Jani jipya la lori, hasa lile refu, lina chuma cha kutosha upande mmoja wa tundu hilo.

Kabla ya kulipa, omba muuzaji akuruhusu uguse ukingo wake kwenye grainda, na uwe na kipande cha nondo cha kulinganishia. Nondo hutoa cheche ndefu zilizonyooka, zenye matawi machache. Springi hutoa cheche fupi zaidi zinazopasuka njiani na kuchanua vijinyota vingi. Nondo haifai kwa upanga hata kidogo, kwa kuwa kaboni yake ni ndogo mno na haikomai ukiichovya. Tupa kuukuu, kile kifaa cha kunolea, ni kinyume chake: kaboni yake ni asilimia 1 au zaidi, na kwa urefu huo ni kujitafutia balaa.

Wafua chuma wa Mamba, jirani na Marangu, walijulikana kwa mikuki waliyowafulia Wamasai, na chuma cha zamani kilitoka Upareni, ambako ukoo wa Washana wa Ugweno ulisifika kwa uhunzi. Wazee hao hawakuwa na jedwali la kaboni. Walikifahamu chuma walichokizoea, rangi yake motoni na namna kinavyoitikia nyundo. Ndiyo maana nasema umchague fundi kwanza, kisha umuulize ni chuma gani amezoea kukipika. Akikujibu ni springi, mmeelewana.

Namna ninavyofanya mimi ni hii. Baada ya kufua, ubapa hupashwa na kuachwa upoe hewani mara tatu, kila mara kwa joto la chini kidogo kuliko la mara iliyotangulia, ili chembe za ndani zilizokuzwa na moto zirudi kuwa ndogo. Kisha huchovywa, ncha ikitangulia na ubapa ukiwa wima kabisa, ndani ya mafuta ya alizeti yaliyopashwa hadi nyuzijoto 50 au 60. Mafuta baridi ni mazito na hupoza polepole kuliko ya vuguvugu. Oili chafu ya injini inafanya kazi, lakini moshi wake siutaki kwenye kifua changu. Ukitoka hapo, tupa nzima inapaswa kuteleza juu ya makali bila kung'ata. Upanga ulio katika hali hiyo haulazwi mpaka kesho, hupelekwa kwenye moto wa chini siku hiyohiyo. Tanuri la nyumbani halitoshi kwa urefu wake, kwa hiyo nimekubaliana na jirani mwenye tanuri la mikate, na baada ya mikate ya asubuhi kutoka, upanga huingia kwa saa mbili katika nyuzijoto 230 hadi 250, hupoa, kisha huingia tena. Mwisho huuzamisha upande wa makali ndani ya maji na kuupasha mgongo kwa moto wa gesi hadi rangi ya buluu ijitokeze, pamoja na ule mkia unaoingia ndani ya mpini.

Kuhusu mkia huo, mwambie fundi mapema kwamba hutaki uunganishwe kwa kulehemu. Wapo wanaookoa urefu wa springi kwa kulehemu kipande cha nondo mahali pa mpini. Kando ya mshono huo chuma cha springi hugeuka kigumu na kupata nyufa, na hapo ndipo nguvu zote hukusanyika. Mkia utoke kwenye chuma kilekile, na pembe yake inapokutana na ubapa iwe ya mviringo, siyo ya mraba.

Kutu utaipata, maana kromiamu isiyofika asilimia 1 haizuii kutu. Upake mafuta, na wakati wa masika usiuhifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuubakiza.

Mwisho, mkabidhi fundi jani zima na umwombe akate kipande kidogo cha majaribio, akichovye kabla ya upanga wenyewe na kukivunja kwenye jiliwa mbele yako, vipande vikiwa vimefunikwa kwa gunia visije vikaruka machoni. Tazama mvunjiko. Ukiona chembe laini za kijivu zisizong'aa, aendelee. Ukiona chembe kubwa zenye kumetameta, moto wake ulizidi. Akate kipande kingine, apunguze joto, mvunje tena mpaka mvunjiko uwe laini, ndipo auguse upanga.