Kabla hujawasha moto: kwa wanaoanza kutengeneza ekzosi za pikipiki

Ekzosi ya kwanza niliyoichomelea peke yangu ilirudi mara tatu. Ufa ulikuwa pale pale, karibu na breketi inayoishika salensa kwenye fremu. Kila iliporudi niliongeza chuma juu ya chuma, na kila mara ufa ulizuka pembeni mwa ushono wangu. Safari ya tatu fundi aliyekuwa akinifundisha aliniambia nifungue boliti ya breketi, nisiguse kitu kingine. Nilipoichomoa, salensa iliruka upande karibu sentimita moja. Raba ya kishikio ilikuwa imekwisha, na washa, kile kipete nene cha chuma kinachokaa katikati, haikuwapo, kwa hiyo boliti ndiyo iliyokuwa ikilivuta bomba mpaka liifikie fremu. Tuliweka raba na washa, tukauchomelea ufa mara ya mwisho, na haukurudi. Tangu hapo siwashi moto kabla sijajua ni kitu gani kimelipasua bomba.

Ufa na tundu havina chanzo kimoja. Ufa mwembamba ulio karibu na breketi au kando ya ushono wa zamani mara nyingi hutokana na bomba kuvutwa au kutikisika. Tundu lenye kingo nyembamba kama karatasi ni kazi ya kutu, na kwa kawaida kutu hiyo imeanzia ndani. Wanafunzi hushangaa nikiwaambia kwamba maji yanayoleta kutu hiyo yanatoka kwenye petroli yenyewe: lita moja ikiungua hutoa mvuke ambao ukipoa hukaribia lita moja ya maji. Pikipiki ikienda safari ndefu, bomba hupata moto na mvuke wote hutoka nje. Ikitembea dakika tano ikazimwa, mvuke hugeuka maji, yakachanganyika na masizi na tindikali, yakatuama chini ya salensa. Ndiyo maana salensa nyingi zina kitundu kidogo upande wa chini. Hicho kimewekwa kiwandani ili maji yatoke. Nimewaona mafundi wakikiziba wakidhani kutu imetoboa. Usikizibe, kizibue kwa waya.

Tafuta uvujaji kabla ya kufungua chochote, injini ikiwa bado ya baridi, na fanya hivyo nje penye hewa. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya chumba kilichofungwa humuua mtu bila yeye kujua kinachompata. Washa injini, kisha pitisha mkono karibu na viungo kabla bomba halijapata moto. Pumzi inayovuja utaisikia kwenye ngozi. Ukiuziba mdomo wa salensa kwa kitambaa kinene sekunde mbili tatu, panapovuja patafoka. Angalia pia michirizi ya masizi meusi kwenye viungo. Pikipiki inayopiga risasi unapoachia mafuta kwenye mteremko, anza kushuku kiungo cha bomba na silinda hedi (kichwa cha injini), maana hapo huvuta hewa. Kwenye injini yenye sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, hewa hiyo huidanganya sensa ione kama petroli ni pungufu, na injini ikaongezewa mafuta isiyoyahitaji. Mwenye pikipiki atakuja akilalamikia ulaji wa mafuta, wala hataitaja ekzosi.

Sasa stadi, zile nondo zenye nyuzi zinazotoka kwenye hedi ambazo nati za bomba hukazwa juu yake, na hapa naomba uvumilie, kwa sababu hapa ndipo kazi ya saa moja hugeuka ya siku mbili. Nati zinazoishika shingo ya bomba zimepata moto na kupoa maelfu ya mara, na kutu imezigandisha kwenye stadi. Ukilazimisha, stadi itakatikia ndani ya alumini ya hedi. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi. Tumia soketi ya pembe sita, ile ya kumi na mbili hula kona za nati. Isogeze nati kidogo upande wa kukaza ili kutu ivunjike, kisha legeza robo mzunguko, irudishe, legeza tena. Ikigoma, futa mafuta yote, ondoa tangi la petroli, halafu ipashe moto nati yenyewe wala si hedi. Stadi ikikatika na kubakiza kipande kinachotokeza, usikimbilie drili. Valisha nati juu ya kipande hicho na uichomelee kwa ndani, ukiwa umetoa waya za betri kwanza. Joto la kuchomelea lenyewe hulegeza kutu, na mara nyingi stadi hutoka ikiwa bado ya moto. Nimeokoa hedi nyingi kwa njia hii.

Bomba likishatoka, chungulia kwenye tundu la hedi kwa tochi. Gasketi ya zamani, pete inayoziba kati ya bomba na hedi, hujibana mle mpaka ikaonekana kama sehemu ya hedi, na wengi huweka mpya juu yake, kisha bomba likakaa kombo. Itoe taratibu bila kukwaruza alumini. Gasketi hizi hubonyea zinapokazwa ili zizibe, kwa hiyo iliyokwisha kubonyezwa haifai kurudishwa.

Jua chuma unachokishika. Chuma cha kawaida hukamata sumaku kwa nguvu. Chuma cha pua cha aina ya 304 hakiikamati, au huikamata kidogo sana, ila zipo aina za chuma cha pua, kama 409, zinazoikamata vizuri, kwa hiyo sumaku peke yake isikuamulie. Kama bomba lina kromu au zinki, iondoe kwa grenda sehemu yote utakayochomelea na sentimita kadhaa kuizunguka, huku umevaa barakoa. Moshi wa zinki huleta homa na kichefuchefu, na wa kromu ni sumu inayodhuru mapafu kwa miaka. Jambo moja nalisisitiza kwa kila kijana ninayemfundisha: usisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki kisha ukakichomelea. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na zikikutana na moto au mwanga wa kuchomelea hutoa fosijeni, gesi iliyowahi kutumika kuua watu vitani. Tumia asetoni, na isubiri ikauke kabisa.

Gonga eneo lenye kutu kwa nyundo ndogo, au lichome kwa ncha ya bisibisi. Panapobonyea pakate, uendelee kukata mpaka ufike kwenye chuma kizima. Mgeni wa kazi huogopa tundu likiwa kubwa, lakini kiraka kilichoshikizwa kwenye chuma kilichooza hakikai. Ufa nao utoboe ncha zake kwa drili ya milimita 3 kabla ya kuuchomelea, usije ukaendelea kutambaa. Ukuta wa bomba mara nyingi ni milimita 1 hadi 1.5 tu, kwa hiyo kwa mashine ya MIG, ile ya kuchomelea inayojilisha waya yenyewe, tumia waya wa milimita 0.8 au 0.6, na upige nukta nukta: moja hapa, nyingine upande wa pili, upumzike. Ukivuta mstari mrefu kwa mkupuo mmoja, utatoboa au utalipinda bomba, na bomba lililopinda litavutwa tena na boliti. Zile gundi za chuma za kupaka zinaweza kushika kwa muda kule mwisho wa salensa. Karibu na hedi haziliwezi joto.

Kubonyea kwa salensa ya injini ya mipigo minne mara nyingi ni suala la sura tu. Kwa injini ya mipigo miwili ni habari nyingine, kwa sababu umbo la tumbo la bomba ndilo linalorudisha mawimbi ya moshi yanayozuia mchanganyiko mbichi wa petroli na hewa usitoroke, na pakibonyea nguvu inapungua. Chomelea msumari katikati ya palipobonyea, pasha moto kandokando, vuta pole pole, kisha ukate msumari na kulainisha.

Salensa inayofunguka kwa riveti ina sufi ya nyuzi za kioo ndani. Ikiungua, mlio huwa mkali na ganda la nje hupata moto kupita kiasi. Vaa glovu na barakoa, zungushia sufi mpya kwenye bomba lenye matundu, na usiishindilie.

Rangi haina siri nyingi: msasa namba 80 kisha 240, asetoni, rangi ya kuhimili joto la nyuzi 600 kwa makoti membamba, halafu injini iwashwe dakika chache, ipoe, iwashwe tena muda mrefu zaidi. Rangi isiyookwa hivyo hubanduka. Chuma cha kawaida usikifunge kwa ule utepe wa kuzuia joto, kwa sababu hushika unyevu na kukilisha kutu.

Wakati wa kurudisha, shika nati na boliti zote kwa mkono kwanza, hakuna ya kukazwa. Bomba linapaswa kufika kwenye breketi bila kusukumwa. Likikataa, rekebisha breketi au ongeza washa. Kisha kaza nati za kwenye hedi kwa zamu, kidogo kidogo. Stadi za milimita 6 hazihitaji zaidi ya takribani Nm 10 hadi 12 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye neno la mwisho. Ndipo uje kwenye breketi. Paka grisi ya shaba kwenye nyuzi za stadi, atakayefungua baadaye asiteseke. Pikipiki ikishapata moto na kupoa kabisa, pitia nati tena, kwa sababu gasketi mpya itakuwa imebonyea. Mimi humwomba mwenye pikipiki arudi baada ya wiki moja, nikague viungo kama vina masizi.