Maswali na Majibu: Anko, kambi ya ndege siku nne nitaenda kufanya nini?

Mwezi huu maswali ya kambi za kutazama ndege yamekuja mengi kuliko kawaida, nimechukua matano. Mliouliza kuhusu kamera ya gharama: hapana, si lazima, nilishasema.

Anko shikamoo. Rafiki yangu kanishawishi twende kambi ya kutazama ndege siku nne, nikakubali haraka haraka sasa naanza kujuta. Mimi najua kunguru na njiwa, basi. Halafu ratiba imeandikwa kuamka saa kumi na moja alfajiri KILA SIKU, kwani mchana ndege wanakwenda wapi? Na wale wanaojua majina mia mbili si watanicheka? – Mpenda Usingizi

Marahaba. Usijute bwana, hiyo saa kumi na moja hawajaiweka kukutesa. Mchana ndege wapo, ila jua likishakuwa kali wengi wanaingia kivulini wananyamaza, wewe unabaki kutazama majani. Alfajiri giza halijaisha vizuri, mdudu haonekani, kwa hiyo dume hana kazi nyingine zaidi ya kuimba, na upepo umetulia sauti inafika mbali. Na haimbi kwa sababu kafurahi kama tunavyopenda kuambiana. Anasema mawili: hapa pana mwenyewe, na jike kama upo karibu njoo. Kuna watafiti Uingereza miaka ya 1970 waliwatoa madume kwenye maeneo yao msituni, sehemu nyingine wakaacha patupu, sehemu nyingine wakaweka spika zinazopiga wimbo wa aina ile ile. Pale patupu wageni wakahamia chapu, penye spika wakachelewa kuingia. Spika tu, mwenyewe hayupo!

Hao wa majina mia mbili wasikutishe. Mimi kambi yangu ya kwanza nilikuwa mmoja wao, nakimbia na notibuku naweka tiki, siku mbili aina 61, ukiniuliza leo walikuwa wanafanya nini sikumbuki hata mmoja. Siku ya tatu nikateguka kifundo cha mguu, wenzangu wakaenda zao nikaachwa kwenye kiti karibu na mti uliojaa viota vya mnana, nimenuna kweli kweli. Dume mmoja akawa anashuka kwenye nyasi ndefu, anang'ata ukingo wa jani halafu anaruka nalo, jani linachanika linatoa uzi mrefu wa kijani. Anarudi nao kwenye kijiti, anaufunga kwa mdomo huku kaukanyaga kwa mguu, anatengeneza pete kwanza, kisha anasimama ndani ya pete hiyo hiyo anasuka kuzunguka mwili wake, mdomo unapofika ndipo ukuta unapokaa, futi kamba hana. Jike akaja. Dume akaning'inia mlangoni kichwa chini anapigapiga mbawa kama kachanganyikiwa, jike akaingia, akavutavuta nyuzi kwa ndani, akatoka, akaondoka bila hata kugeuka. Nilimhurumia jamani. Jirani yake alikuwa na kiota kilichoanza kukauka kuwa kahawia na hakuna jike aliyekitaka, maana wao wanataka kibichi, basi mwenyewe akawa anakibomoa uzi mmoja mmoja, na kesho yake nikamkuta anaanza upya kwenye kijiti kile kile.

Nilikaa masaa matatu bila kujua. Kwa hiyo wewe siku ya kwanza chagua ndege mmoja tu, umtazame dakika ishirini, anakula nini, anamfukuza nani, nani akipita anainama. Jina utamwuliza huyo wa mia mbili, atafurahi mwenyewe. Na hata akiwa kunguru wako ni sawa, kwanza huyo usimdharau: watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2006 waliwakamata kunguru wachache huku wamevaa kinyago, wakawaachia, na miaka kadhaa baadaye yeyote aliyepita pale na kinyago kile alizomewa, hata na kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa.

Mambo Anko, nataka kununua darubini ya kwenda nayo kambini, nimeona za 8, za 10 na moja ya 20, nichukue hiyo kubwa si ndo itaona mbali? – Macho Manne

Poa. Achana na ya 20. Inakuza na mtetemo wa mikono yako pia, utaona dunia inacheza tu. Tafuta iliyoandikwa 8x42: inakuza mara 8, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42 kwa hiyo hata alfajiri mwanga unaingia wa kutosha. Ila kosa la wengi si darubini. Wanamwona ndege, wanainama kuitafuta darubini kifuani, wakiinua macho ndege hayupo. Macho yabaki kwa ndege, darubini ndiyo iyafuate. Nguo za rangi iliyofifia, nyeupe iache nyumbani.

Anko naomba unitoe kitu moyoni. Kambi niliyoenda mwongozaji alikuwa na spika, kila akitaka ndege atoke anapiga sauti yake kwenye simu. Ndege mmoja alikuja mara nyingi sana, tukapiga picha nzuri lakini alikuwa anahangaika huku na huku kama kapandwa na mashetani. Niliona vibaya ila sikusema. Nilikuwa nawaza vibaya? – Roho Iliniuma

Hukuwaza vibaya hata kidogo. Rudi hapo juu kwenye jibu la spika. Ndege wako alisikia dume mgeni kaingia kwake, akaacha kula, pengine kaacha na mayai au vifaranga, akaja kupigana na mtu asiyeonekana. Anamtafuta hampati, sauti inaanza tena. Mara moja kwa sekunde chache wapo wanaoruhusu, wengine hawataki kabisa, mimi msimu wa kuzaliana nasema usiguse hiyo spika. Kipimo changu ni chepesi: ndege akibadilisha alichokuwa anafanya kwa sababu yako, umezidi, rudi nyuma. Fleshi karibu na kiota ni hivyo hivyo. Safari nyingine sema, sema kwa upole tu pembeni, utashangaa wangapi walikuwa wanawaza kama wewe. Kama shida ni kumtambua kwa sauti, programu ya Merlin inasikiliza tu na kukupa jina, haihitaji kumpigia ndege kelele.

Nilimwona ndege chini anaburuta bawa limevunjika, nikamfuata nimsaidie kama mita hamsini hivi, nikikaribia anasogea, mwisho akaruka zake mzima kabisa na kambi nzima ikanicheka. Sijaelewa hadi leo! – Daktari wa Ndege

Pole daktari, mgonjwa wako alikuwa mwigizaji. Ndege wengi wanaotaga chini wana huo mchezo: adui akikaribia kiota, mzazi anajifanya kavunjika bawa, anaburuta, analia, adui anaona kitoweo cha bure anamfuata, akishapelekwa mbali mgonjwa anapona ghafla. Yaani kwake wewe ulikuwa sawa na mbweha tu. Ukikutana nayo tena simama, angalia miguuni kwako kabla ya hatua yoyote, mayai yake yanafanana na kokoto, halafu rudi kwa njia uliyojia.

Na kwa uongo huyo bado ana nafuu. Kuna ndege anaitwa mramba, yule wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika anakaa mtini juu ya wanyama wadogo wanaochimba wadudu, mwewe akija kweli anawapigia king'ora cha kweli, wanamzoea. Siku akimwona mmoja kachimbua mdudu mnono anapiga king'ora cha uongo, wote wanakimbilia mashimoni, yeye anashuka kuokota. Wakianza kumpuuza anabadilisha, anaiga king'ora cha ndege mwingine. Karibu robo ya chakula chake cha siku kinatokana na wizi wa namna hii.

Mwongozaji wetu alituambia kuna ndege anaita watu anawapeleka kwenye asali. Kweli au alikuwa anatuchangamsha? – Tomaso

Kweli kabisa, ndiye mlembe. Anakuja anapiga kelele mbele yako, anaruka mti hadi mti akingoja umfuate, wewe unapasua mzinga yeye anakula nta na mabuu. Utafiti uliotoka 2016 kutoka Niassa, Msumbiji, ulionyesha kwamba warina asali wa Kiyao wakipiga mlio wao maalumu waliorithi kwa baba zao, nafasi ya kuongozwa na mlembe inapanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Ukipiga kelele nyingine yoyote, hakujali sana.

Ila usimpende moja kwa moja. Anataga kwenye viota vya wenzake, na kifaranga wake anazaliwa kipofu, hana hata unyoya, lakini mdomoni ana ndoano mbili kali za kuwaulia watoto wa mwenye nyumba.