Kabla hujatafsiri, jua nani anapitisha

Timu ya tafsiri ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, niliingia kwa pupa. Wikiendi moja nilikaa na plagini moja (programu ndogo ya kuiongezea WordPress kazi), nikatafsiri sentensi kama mia tatu, nikalala nikijua Jumatatu watu watasoma Kiswahili changu. Wapi! Zilikaa foleni wiki baada ya wiki.

Kosa lilikuwa langu, sikuuliza utaratibu. Mwenye akaunti yeyote anaweza kupendekeza tafsiri, ila haitumiki mpaka mhariri aipitishe. Wapo wahariri wa lugha nzima, na wapo wa mradi mmoja tu, ambao mamlaka yao yanaishia kwenye plagini waliyoiomba. Wote wanajitolea. Ukimtupia mtu mzigo wa sentensi mia tatu baada ya siku yake ya kazi, ataanza na mwenye kumi.

Basi tuma kumi. Mimi nilipofanya hivyo zilirudi upesi na swali moja: mbona hapa "bofya", pale "bonyeza", kule "gusa", na kitufe ni kilekile? Nikachagua "bofya", nikapitia zote upya.

Kizuizi kingine hakikuwa cha watafsiri kabisa. Plagini ilikuwa na neno moja la kumwambia mtu kwamba kitu kimefutwa, na neno hilo lilitumika kwa ukurasa, kwa maoni na kwa picha. Kiingereza hakijali. Kwetu ukurasa umefutwa, maoni yamefutwa, picha imefutwa. Ukiweka moja, mbili zinachekesha. Ningebishana na watafsiri wenzangu mwaka mzima bila faida, maana dawa iko kwa waandishi wa kodi, yaani msimbo wa programu: wao ndio wanaoweza kuliwekea neno maelezo ya muktadha ili litokee mara tatu kwenye orodha ya tafsiri. Nikamwandikia mwenye plagini, nikamwekea mifano hiyo mitatu. Alikuwa hajawahi kusikia habari ya ngeli, lakini alirekebisha.

WordPress ina timu nyingi: kodi, usanifu, nyaraka, usaidizi, mafunzo. Usihangaike kuzijua zote. Jua yako, na ile inayoshika kitu unachokihitaji.

Baadaye niliomba uhariri wa plagini ile. Ombi huandikwa hadharani, unataja lugha na mradi, basi. Sasa foleni ni yangu. Jana usiku nimekuta sentensi arobaini na moja za mgeni mmoja, na ya kwanza kabisa inasema "bonyeza hapa".