Ukienda Grenada, chagua mtu kabla ya kuchagua vituo

Baba yangu aliendesha gari la watalii Unguja kwa zaidi ya miaka ishirini. Asubuhi alichukua wageni Mji Mkongwe akawapeleka Kizimbani kwenye mashamba ya viungo, jioni akarudi nyumbani, nasi tukamsoma usoni kama siku ilikuwa njema. Siku njema kwake haikupimwa kwa bakshishi peke yake. Ilikuwa ile ambayo mgeni alikaa kiti cha mbele, akauliza swali, akasikiliza jibu, kisha akauliza jingine.

Nilimkumbuka sana Januari iliyopita nilipompeleka mama Grenada kutoka Toronto tunakoishi. Mama ni mzaliwa wa Pemba, amekulia kwenye mikarafuu, na alikuwa amesikia kwamba huko Karibi kuna nchi iliyoweka kungumanga kwenye bendera yake. Ni kweli, lipo pale kwenye pembetatu ya upande wa mlingoti. Alitaka kuiona nchi hiyo kwa macho yake. Nikaamua tutafute mwenyeji mmoja mwenye gari, atuzungushe kisiwa kwa siku moja, sisi wawili tu.

Niseme kwa nini sikutaka basi. Miaka miwili nyuma, kwenye kisiwa kingine cha huko huko, tulilipia matembezi ya kundi. Vituo tisa, kila kimoja dakika ishirini. Mama ana magoti mabovu. Akishashuka, akanyoosha mgongo, akatafuta kivuli, tayari honi inalia. Aliona vidato vya ngazi na migongo ya watu. Usiku ule aliniambia, "Mwanangu, tumelipa pesa kukimbizwa." Maneno yale sikuyasahau.

Safari hii niliwapigia simu madereva watatu, na wote niliwauliza swali moja: kama siku ingekuwa yako, ungetupeleka wapi? Wa kwanza alinitumia orodha ile ile ninayoikuta kila mahali. Wa pili alisema popote nitakapo. Wa tatu hakujibu, naye akauliza: mama ana umri gani, anaweza kupanda ngazi, anapenda nini? Nikamwambia ni mama wa shamba la karafuu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mniachie mchana." Huyo ndiye niliyemchukua. Kama utachukua jambo moja tu katika makala haya, chukua hilo: anayekuuliza habari zako kabla ya kukutajia bei ana uwezekano mkubwa wa kukupa siku iliyo yako.

Sasa bei. Elewaneni bei ya gari zima kwa siku nzima, si ya kichwa, na muulize mambo matatu waziwazi: saa ngapi mpaka saa ngapi, viingilio ni juu ya nani, na chakula cha mchana ni juu ya nani. Halafu kuna hili ambalo wageni wengi hulikosa: dola ipi? Grenada hutumia dola ya Karibi ya Mashariki, na tangu 1976 dola moja ya Marekani ni 2.70 za kwao. Mtu akikutajia mia mbili bila kusema za wapi, tofauti yake ni karibu mara tatu. Hakuna ubaya kuuliza, wenyewe wamezoea. Bebeni pia noti ndogo ndogo za kwao, kwa sababu vijijini mama anayeuza madafu hana mashine ya kadi.

Siku nayo ichagueni vizuri. Sisi tulitaka Jumapili. Dereva akakataa, akasema Jumapili watu wako kanisani na kazi ya kungumanga imelala, mtaangalia majengo. Akatuuliza pia kama tunajua ratiba ya meli za kitalii. Miezi hiyo zinatia nanga St. George's, mji mkuu, kwa wingi, na zikiwapo mbili siku moja, maporomoko ya maji ya Annandale yanajaa watu kama soko la Darajani mkesha wa Idi. Tukaenda Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, kabla watu wa meli hawajateremka.

Kwenye ramani Grenada ni kidogo, kama kilomita 34 kutoka kusini hadi kaskazini. Msidanganyike. Barabara ya milimani imejipinda kama utumbo, magari yanapigiana honi kila kona, na wanaendesha kushoto kama kwetu, jambo lililompa mama raha sana. Kama unachefuka garini, tafuna tangawizi mapema. Usingoje mpaka Grand Etang, lile ziwa lililokaa kwenye mdomo wa volkano, zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kule juu kulikuwa na ukungu na baridi, mama akajifunga kanga mbili. Msitu ule una kima aina ya mona, ambao asili yao ni Afrika Magharibi. Walivushwa bahari kwenye meli za biashara ya watumwa. Siku ile hatukumwona hata mmoja. Mama aliposikia wamefikaje, alisema, "Hata kima hawakusalimika," akakaa akiutazama msitu.

Kabla ya kupanda mlima tulipita Fort George, pale juu ya bandari, na hapa nina ushauri ninaoutilia mkazo. Kwenye ngome ile, tarehe 19 Oktoba 1983, Waziri Mkuu Maurice Bishop na wenzake walisimamishwa ukutani wakapigwa risasi. Siku sita baadaye majeshi ya Marekani yaliingia kisiwani. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote, na maswali yalikuwa yamenijaa mdomoni. Dereva wetu alikuwa mtoto wa miaka tisa wakati huo. Tulipofika uani alitueleza kwa sentensi mbili, akaenda kusimama upande wa bahari.

Nikataka kumfuata. Mama akanishika mkono.

Nikamkumbuka baba. Wageni wakimuuliza ya Mapinduzi ya 1964, alijibu tarehe na majina, basi. Yaliyotokea mtaani kwake hakuwahi kumwambia mtu asiyemjua. Watu wa visiwa vidogo wanaishi na majirani wa pande zote mbili za habari kama hizo. Kwa hiyo usimhoji mwenyeji wako kama mwandishi wa habari. Kaa naye. Wetu alianza kuzungumza mwenyewe baada ya muda wa saa tatu, garini, karibu na Grenville, bila kuulizwa. Alisimulia mlio wa helikopta, na bibi yake aliyewasukuma watoto wote chini ya kitanda kimoja. Hayo si ya kuandika zaidi ya hapo, aliyasema kwetu.

Upande wa mashariki tulisimama River Antoine, kiwanda cha ramu kilichoanza 1785. Sisi hatunywi, nami nilitaka tupite, lakini dereva alisema twende tukaone gurudumu. Alikuwa sahihi. Gurudumu kubwa la chuma linazungushwa na maji ya mto, linakamua miwa, na yale makapi yanakaushwa yawe kuni za kuchemshia juisi. Wanaume wanahamisha juisi ya moto kutoka sufuria hadi sufuria kwa upawa mrefu. Ramu yenyewe ni kali kiasi kwamba ile ya nguvu hairuhusiwi kupandishwa ndege. Usikatae mahali kwa sababu ya jina lake tu. Mwambie mwenyeji usichotumia, kisha umsikilize anachotaka kukuonyesha.

Vivyo hivyo kwa chakula. Chakula chao cha taifa wanakiita oil down, na ukikisikia kinavyopikwa utadhani uko Pemba: shelisheli, majani ya magimbi, manjano na tui la nazi, vyote chungu kimoja, hadi tui likauke libaki mafuta chini. Ila mara nyingi hutiwa nyama ya chumvi, na nyama hiyo aghalabu ni mkia wa nguruwe. Kama wewe ni Mwislamu, sema siku mbili kabla, usiseme mezani. Sisi tulisema mapema, tukapikiwa ya samaki kando. Mama alikula sahani mbili. Manjano wao huyaita zafarani, mama akacheka, "Zafarani ya bei hii tungeoga nayo."

Sauteurs, kaskazini kabisa, tulisimama muda mfupi. Jina hilo la Kifaransa maana yake ni warukaji. Mwaka 1651 Wakalinago, wenyeji wa asili wa kisiwa, walizidiwa na Wafaransa wakajirusha baharini kutoka kwenye jabali lile wasitekwe. Kuna upepo, kuna makaburi, na hakuna la kuongeza.

Hapo ilikuwa saa nane mchana na tulikuwa nyuma ya ratiba. Dereva akaniuliza: tuwahi maporomoko ya Concord, au twende Gouyave taratibu? Nilitaka vyote. Nilikuwa nimelipa siku nzima, na ile hamu ya kupata thamani ya pesa ikanishika. Mtu akikupa uchaguzi wa namna hiyo, kubali kuacha kimoja. Tuliacha maporomoko, na sijayajutia.

Gouyave ni mji wa wavuvi, na katikati yake lipo jengo la mbao la ghorofa kadhaa ambalo wakulima huleta kungumanga zao. Harufu inakupokea barabarani. Ndani, kungumanga zinakaushwa kwenye chanja kubwa za mbao kwa wiki nyingi, kisha zinavunjwa ganda na kutiwa majini: nzima inazama, mbovu inaelea. Wanawake wanachambua kwa mikono, magunia yanapigwa mhuri kwa herufi kubwa. Dereva alimpa mama tunda bichi alilochuma njiani. Lilikuwa la manjano, limejipasua katikati lenyewe, na ndani basibasi imeifunga mbegu kama wavu mwekundu, inang'aa kana kwamba imepakwa mafuta. Mama aliibandua taratibu kwa ukucha, ikatoka nzima bila kukatika, akainyoosha kiganjani. Mmoja wa wale wanawake akaacha kazi akaja kutazama. Mama hana Kiingereza, yule hana Kiswahili. Walielewana kwa vidole: siku ngapi juani, ikigeuka rangi gani ndiyo tayari.

Tuliambiwa pale kwamba kimbunga Ivan cha tarehe 7 Septemba 2004 kiling'oa sehemu kubwa ya mikungumanga ya kisiwa, wakati Grenada ilikuwa ya pili duniani baada ya Indonesia. Mkungumanga huchukua miaka mitano hadi saba kuanza kuzaa, na mpaka utoe maua hujui kama umepanda dume au jike. Wengine walikata tamaa wakahamia kakao. Ndiyo maana nawaomba sana: nunueni viungo hapo hapo kwa wazalishaji, hata kama bandarini vimefungwa kwenye vikapu vizuri zaidi. Na ukiona dereva anakusukuma kila mara kwenye duka moja, jua ana kamisheni pale. Baba naye alikuwa nayo, haikumfanya mwizi, ilikuwa sehemu ya riziki. Mwambie kwa upole kwamba utanunua kidogo na kwamba bakshishi yake iko pale pale. Utaona mwendo unabadilika.

Jua lilikuwa linashuka tulipoondoka. Nilidhani tumemaliza. Dereva akakata kushoto, akapanda kilima, akasimama mbele ya nyumba ya mbao yenye baraza. Ni kwa shangazi yake. Uani kulikuwa na turubai, na juu yake karafuu mbichi, za kijani na wekundu, bado ziko kwenye vikonyo. Hii ndiyo "mniachie mchana" aliyoniambia kwenye simu.

Mama hakungoja kukaribishwa kiti. Alikaa chini, akanyoosha mguu wenye goti bovu, akavuta fungu la karafuu na kuanza kuchambua, karafuu huku, makonyo huku, kwa ule mwendo wa viganja viwili nilioukuta tangu nina akili. Shangazi alimtazama kwa muda. Kisha akaleta kigoda, akakaa upande wa pili wa turubai, naye akavuta fungu lake.

Tulirudi hotelini saa moja na nusu usiku, saa mbili zaidi ya tulizopatana. Nilipotaka kumlipa dereva ziada alikataa, akasema ile ilikuwa nyumbani. Nikaziacha kwenye kiti cha mbele, alipokaa mama siku nzima, na asubuhi nikamtumia picha ya turubai ile ampelekee shangazi yake.