Jibu: Kwa nini "I Want It That Way" haukushika namba 1 Marekani?

Mkuu, umeuliza iweje wimbo huu wa kundi la Backstreet Boys, ulioimbwa na kila mtu mwaka 1999, uliishia namba 6 kwenye Billboard, chati ya nyimbo ya Marekani. Ni biashara tu: Marekani haukutolewa dukani kama singo (wimbo mmoja unaouzwa peke yake), ukategemea redio. Aliyeutaka alinunua albamu nzima, Millennium. Uingereza, ambako singo iliuzwa, ulishika namba 1.

Umesema pia maneno ya wimbo hayaeleweki, na wala hujakosea. Watunzi wake, Max Martin na Andreas Carlsson, Waswidi wote wawili, walijali mlio kuliko maana. Toleo lenye maana iliyonyooka lilirekodiwa pia, ila Backstreet Boys wakabaki na la mwanzo. Nawaunga mkono. Lile gitaa likishaanza, na kwenye video jamaa wamevaa nyeupe mbele ya ndege, nani anauliza maana?